Kompyuta ya gemu ndani ya dumu la lita kumi

Boti ya Unguja kwenda Dar huchukua kama saa mbili, na muda wote huo kompyuta yangu huwa mapajani, ndani ya begi la mgongoni. Siku moja nililifungua kutoa chaja ya simu. Mzee aliyekaa jirani akachungulia, akaona kile kibao cha mti kilichoko mbele ya kompyuta, akaniuliza: "Kijana, redio hiyo bado inashika Sauti ya Tanzania Zanzibar?" Nikamwambia si redio, ni kompyuta. Akanitazama kama mtu anayeongopewa.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Harusi nyingi ziko Unguja mwisho wa wiki, wateja wengine wako Ilala na Temeke katikati ya wiki, na kati ya kazi na kazi mimi na wenzangu hucheza gemu ya mpira na ya magari mpaka usiku wa manane. Laptopu ya gemu nilikuwa nayo. Ikishika joto inapunguza kasi, na kadi yake ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ikifa umekufa mzigo mzima, maana huwezi kuing'oa ukaweka nyingine. Baada ya hapo nikawa na mnara wa kawaida, lile likesi refu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nililisafirisha mara moja tu, likafika na soketi ya kadi ya grafiki imepasuka. Hapo ndipo nikaamua kuunda ndogo.

Ndogo kiasi gani? Wanaounda kompyuta za aina hii hupima ukubwa wa kesi, yaani boksi la nje, kwa lita. Mnara wa kawaida unafika lita 40 au 50. Wengi wakisema "ndogo" wana maana ya chini ya lita 20, yaani lile dumu la maji la njano unalolijua. Cooler Master NR200 ni kama lita 18, na kwa anayeunda mara ya kwanza ni kesi yenye huruma: mkono unaingia, kadi nene inakaa. Yangu mimi ni Fractal Terra, ya kampuni ya Uswidi, lita 10.4 kwa hesabu yao wenyewe. Nusu dumu. Kwa kipimo cha rula ni milimita 343 kwa 153 kwa 218. Maelekezo yanayofuata ni ya Terra, ila ukiwa na kesi nyingine ya mpangilio huo, ambapo madabodi, bodi kuu inayobeba vifaa vingine, iko upande mmoja na kadi upande wa pili kama mkate wa boflo uliotiwa siagi katikati, mambo ni yale yale.

Anza na rula, pesa baadaye

Kosa langu la kwanza nilifanya kabla sijagusa bisibisi. Nilipata kadi ya grafiki kwa bei nzuri, nikainunua, halafu ndiyo nikaanza kutafuta kesi. Ni sawa na kununua kabati kabla hujajua mlango wa chumba una upana gani.

Ndani ya Terra kuna ukuta wa katikati, uti wa mgongo, unaotenganisha madabodi na kadi. Ukuta huo unasogea kwa hatua 7. Ukiusogeza upande wa prosesa, ule ubongo wa kompyuta unaokaa kwenye madabodi, kadi inapata nafasi. Ukiusogeza upande wa kadi, kipoza cha prosesa kinapata nafasi. Kipoza kinaweza kuwa na kimo cha kati ya milimita 48 na 77, na kadi inaweza kuwa na unene wa kati ya milimita 43 na 72. Jumlisha upande wowote unaotaka, 48 na 72 au 77 na 43, jibu ni lile lile: 120. Namba hiyo niliiandika kwa kalamu ya wino mzito ukutani juu ya meza, na iko mpaka leo.

Kadi yangu ya kwanza ilikuwa na unene wa milimita 60. Toa kwenye 120, zinabaki 60. Kipoza nilichokwisha kukinunua kilikuwa Noctua NH-L12S, chenye kimo cha milimita 70. Kwa hiyo nimekosa sentimita moja, na chuma hakibembelezeki. Ile kadi nikaiuza kwa hasara kwa kijana mmoja wa Mwanakwerekwe mwenye mnara, nikatafuta kadi nyembamba: RTX 4070 ya feni mbili, unene milimita 41, urefu milimita 245. Sasa uti wa mgongo umekaa kwenye hatua ya mwisho upande wa kadi, kipoza kina nafasi ya milimita 77, na zinabaki 7 za kupumua kati ya kipoza na ubavu wa kesi.

Urefu si tatizo sana, Terra inameza kadi ya milimita 322. Unene ndio mwizi. Na huo unene muuzaji mara nyingi atakuandikia kwa sloti, nafasi za kadi nyuma ya kesi: "sloti mbili" wakati kadi ina sloti mbili na nusu. Usimsikilize. Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji, tafuta milimita. Kitu kingine ambacho hakiandikwi ni waya wa umeme unaotoka juu ya kadi: nao una kimo. Tenga kama sentimita 3 za waya kupinda. Kama kadi yako ina ile soketi mpya ya pini 16, usikunje waya karibu na mdomo wake, acha milimita 35 hivi zikiwa zimenyooka, na usukume plagi mpaka isikike imekaa.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenisaidia siku ya kuunda, mpaka leo ananitumia picha za kadi: "Mjomba, angalia hii inavyong'aa." Namjibu kwa kuuliza unene.

Vitu vyenyewe

Madabodi lazima iwe ya kipimo cha Mini-ITX, milimita 170 kwa 170. Kipimo hiki kililetwa na VIA mwaka 2001 kwa ajili ya mashine ndogo, na wala hawakuwa na habari na gemu. Ubaya wake: ina sloti mbili tu za RAM, kumbukumbu ya muda, na sloti moja tu ya kadi. Kwa hiyo RAM nunua mara moja ya kukutosha. Mimi nilichukua vipande viwili vya GB 16 vya DDR5, vifupi, visivyo na yale mapembe ya mapambo, kwa sababu kipoza cha mlalo kinatanda juu yake kama mwavuli. Uzuri wake: karibu zote huja na Wi-Fi tayari.

Prosesa yangu ni Ryzen 5 7600. Ziko kubwa zaidi, na ukitaka kusifiwa utanunua kubwa zaidi. Lakini hii inakula wati 88 ikikazwa hasa, na ndani ya lita 10, kwenye chumba cha Ng'ambo mwezi wa pili, kila wati ni joto ambalo lazima ulipeleke mahali. Ina pia grafiki ndogo ndani yake, nayo itatusaidia baadaye kwenye majaribio.

Pawasaplai, boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, iwe ya kipimo kidogo cha SFX. Ile ya kawaida ya ATX haiingii hata ukiswali rakaa mbili. Hapa usibane pesa. Kadi yangu inakula hadi wati 200, prosesa 88, vilivyobaki tuseme 50, jumla kama 340. Nvidia wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya wati 650 kwa RTX 4070, mimi nikachukua ya 750, kwa sababu ikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake feni yake haizunguki sana. Iwe ya waya za kuchomoka. Kwenye kesi kubwa waya usiotumika unauficha nyuma, huku hakuna nyuma.

Kuvipata: Darajani utapata RAM na SSD (diski ya kuhifadhia), Kariakoo utapata na kadi. Kesi ndogo na pawasaplai ya SFX nilizitafuta wiki tatu bila mafanikio, wauzaji wananionyesha za ATX wananiambia "hii hii, bosi, itaingia." Mwishowe dada yangu anayeishi Muscat ndiye aliyezinunua na kuzileta kwenye sanduku la nguo alipokuja Idi. Oman wanatumia plagi ya pini tatu za bapa kama yetu na umeme wa volti 240, kwa hiyo hata waya wa ukutani nilitumia uleule. Ukiagiza kwa mtu anayekuja kutoka Ulaya bara au Marekani, mwambie waya wa plagi asihangaike nao, utanunua hapa.

Bei kwa jumla? Kesi, madabodi na pawasaplai za umbo dogo ni ghali kuliko ndugu zao wakubwa wenye nguvu ileile. Unalipia udogo. Kama kompyuta yako haitoki chumbani, nakushauri kwa nia njema ununue mnara.

Unda nje kwanza

Nilichagua asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda. Sababu ni jasho. Vitabu vya watu wa nchi za baridi vinakuonya juu ya umeme tuli wa mwilini. Huku pwani hewa imejaa maji, umeme tuli si adui mkubwa, ingawa bado ni adabu kushika chuma kabla ya kushika kadi. Adui mkubwa ni tone la jasho kutoka kwenye paji la uso kudondokea soketi ya prosesa. Jifunge kitambaa kichwani. Nasema kweli.

Vifaa: bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu na ncha ya sumaku, kibano cha nyusi (nilikiazima kwa mke wangu, akakitaka kabla sijamaliza), tochi ya simu, na kisahani cha kuwekea skrubu. Pia vile vifungo vya kubandika na kubandua vya waya. Vya plastiki vya kukata na mkasi usitumie, utavikata mara tano ndani ya saa moja.

Weka boksi la madabodi mezani, madabodi juu yake. Fungua soketi. Kwenye AM5, aina ya soketi ya prosesa hii, pini ziko kwenye madabodi, ndani ya soketi, siyo kwenye prosesa, na ni laini kama nywele za mtoto. Prosesa ina pembe yenye alama ya pembetatu ndogo. Ilinganishe na ya soketi, iweke, usiisukume. Shusha kishikio. Kitapiga kelele ya kutisha kidogo, ndivyo kilivyo.

Sasa geuza madabodi. Wengi wanasahau hapa: bodi nyingi za Mini-ITX zina sloti ya pili ya SSD mgongoni. Kama utaitumia, SSD iingie sasa. Ukikumbuka baada ya kufunga kila kitu, utafungua kila kitu. Mimi nilikumbuka baada ya kufunga kila kitu.

Halafu RAM, mpaka zilie "tak" pande zote. Halafu kipoza. Kwenye AM5 bamba la nyuma limeshikamana na bodi, unatoa tu zile plastiki mbili za mbele na kutumia bamba lilelile. Pesti ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya choroko, juu ya prosesa katikati, na vidoa vidogo vinne pembeni. Kabla ya kukaza kipoza, chomeka waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8, kwenye kona ya juu ya bodi. Kipoza cha mlalo kikishakaa, vidole havifiki pale tena. Kaza skrubu za kipoza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, kama unavyokaza tairi.

Bado usiingize kwenye kesi. Chomeka pawasaplai, na HDMI uichomeke kwenye bodi yenyewe, maana 7600 ina picha zake. Kadi ya grafiki bado iko kwenye boksi lake. Gusanisha zile pini mbili za swichi ya kuwasha kwa ncha ya bisibisi. Feni ikizunguka, vuta kiti ukae.

Ukae kweli. Mara ya kwanza bodi za AM5 hujifunza RAM iliyowekwa, na kioo kinabaki cheusi kwa dakika kadhaa. Mpwa wangu alishika kichwa: "Mjomba, tumeiua." Mimi pia moyo ulikuwa umeshanitoka, ila mbele ya mtoto nikajifanya nakunywa chai. Dakika ya nne BIOS, ukurasa wa mipangilio ya bodi, ikatokea. Ukikosa subira ukazima katikati, itaanza kujifunza upya, na utadhani kweli imekufa.

Kuingiza ndani

Kabla ya kitu chochote, weka uti wa mgongo kwenye hatua uliyoihesabu. Kuusogeza baadaye maana yake ni kung'oa bodi.

Pawasaplai inakaa mbele, nyuma ya kile kibao cha mti, na waya mfupi wa ndani unaupeleka umeme mpaka tundu la nyuma ya kesi. Chomeka kwenye pawasaplai waya tatu tu: ule mkubwa wa bodi, wa prosesa, na wa kadi. Kisha ingiza madabodi, pembe moja kwanza, ile yenye matundu ya USB na HDMI. Skrubu nne. Moja yangu ilijificha chini ya mapezi ya kipoza. Ndiyo sababu ya bisibisi ndefu.

Waya za mbele, za swichi na USB, chomeka sasa. Plagi ya USB-C ya ndani ni ngumu na kona yake ni mbaya. Ishike kwenye plagi, usivute waya. Waya mnene wa bodi usiulazimishe kupita juu ya kipoza. Upitishe chini, ufuate sakafu ya kesi, uupinde mara moja tu. Nilitumia dakika 40 kwenye waya huo mmoja, na sioni kama nilizipoteza. Kwenye kesi kubwa waya mbaya ni aibu ya macho tu, huku unaziba hewa, au unagusa feni na kutoa sauti kama kombamwiko ndani ya boksi la biskuti.

Halafu ile kebo bapa ya raiza, inayounganisha bodi na kadi kwa kuzunguka uti wa mgongo. Isukume mpaka mwisho kwenye sloti ya bodi. Isikunjwe kwa pembe kali, na isivutwe na kadi. Kadi inaingia mwisho kabisa, na skrubu zake za nyuma zikazwe sawasawa, maana kadi imesimama wima na hizo ndizo zinazoishikilia ukiwa safarini.

Tulifunga mbavu zote, tukaweka juu ya meza, tukaiita familia ije ione. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena. Mke wangu akarudi jikoni.

Nilifungua kila kitu. Nikang'oa kadi, nikakagua raiza, nikakagua waya za swichi kwa tochi. Saa nzima. Mpwa ndiye aliyeona: pawasaplai ina swichi yake mgongoni, na kwenye Terra mgongo huo uko ndani ya kesi, hauonekani ukishafunga. Ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo kabla hujafunga ubavu wa mwisho, ingiza kidole, hakikisha swichi iko kwenye alama ya mstari.

Kuipunguzia njaa

Kompyuta imewaka. Wengi husimama hapa, na kwa hali ya hewa yetu ni kosa.

Ingia BIOS. Kwanza washa EXPO, mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo RAM itaenda kwa kasi ndogo kuliko uliyolipia. Pili, sloti ya kadi usiiache kwenye kujiamulia. Raiza ya Terra ni ya PCIe (njia ya data kati ya bodi na kadi) kizazi cha 4. Andika kizazi cha 4. Ukiweka kadi mpya zaidi za kizazi cha 5 na ukaiacha bodi ijaribu kwenda kasi hiyo kupitia raiza, unaweza kupata kioo cheusi au gemu inayojifunga yenyewe, ukalaumu kadi isiyo na kosa.

Tatu, joto. Prosesa za Ryzen 7000 zimeundwa kufika hata nyuzi 95, haziungui. Lakini feni haijui hilo, inapiga kelele tu. Chumba changu mchana kina nyuzi 31. Siku ya kwanza, bila kikomo chochote, prosesa ilifika 88, kadi 76, na sauti ilikuwa ya blenda ya juisi ya miwa ya Forodhani. Niliweka kikomo cha prosesa kuwa wati 65, na kwenye Curve Optimizer, mpangilio wa kupunguza volti za prosesa, nikaiteremsha kwa hasi 20. Ukifika hapo ukaona kompyuta inajizima au gemu zinakatika, rudi hasi 15, hasi 10, prosesa hazifanani. Kadi nayo, kwa programu yake nje ya BIOS, nikaipa kikomo cha asilimia 75, yaani wati 150 badala ya 200.

Nilichopoteza: kwenye gemu ya magari nilikuwa na fremu (picha) 100 hivi kwa sekunde, nikabaki na 94. Macho yangu hayakuiona tofauti, na nilijaribu sana kuiona. Nilichopata: prosesa 72, kadi 66, na mke wangu anaweza kulala chumba hicho hicho. Na umeme: mashine nzima sasa inakula kama wati 250 tukicheza, kwa hiyo saa nne za gemu ni yuniti moja. Kama unanunua umeme kwa TUKUZA huku au LUKU kule Dar, hesabu hiyo unaipenda.

Mstari wa kasi ya feni kwenye BIOS uwe unapanda taratibu, usiwe ngazi. Feni inayopanda na kushuka kila sekunde tano inaudhi kuliko inayovuma moja kwa moja.

UPS, betri ya akiba ya umeme, kwangu ni lazima, maana umeme ukikatika katikati ya kutoa video ya harusi, saa tatu zimepotea. Ukinunua, soma wati, siyo VA. Boksi linaandika namba kubwa ya VA kwa herufi kubwa na wati kwa herufi ndogo ubavuni. Na umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi ndipo unapopiga.

Chumvi na safari

Mashine iliyo karibu na bahari haikai dirishani. Nilimwona mwenzangu mmoja wa Shangani matundu ya USB yameota kijani ndani ya mwaka. Weka juu ya meza, siyo sakafuni, mbavu zote mbili zikiwa na nafasi ya viganja viwili, maana Terra inavuta hewa ubavuni na kuitoa juu. Kitabu wala kitambaa cha kufuma kisiwekwe juu yake, hata kama Bi Mkubwa ameona kinapendeza.

Kila mwisho wa mwezi nafungua mbavu, natumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, na feni naishika kwa kidole isizunguke ninapoipangusa. Kwa fundi tairi mwenye kompresa siipeleki. Hewa ile ina maji na mafuta ndani yake.

Nikisafiri kwa boti naiacha kadi ndani, natia sponji kati ya kadi na ubavu, na naandika kwenye karatasi nyekundu "TOA SPONJI", naibandika juu ya swichi. Nikisafiri kwa basi mpaka Tanga au Morogoro, kadi natoa kabisa, inakaa kwenye boksi lake katikati ya nguo. Ndani ya begi mna vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nimewaomba majirani wasivitupe.

Na ukishuka bandarini Dar, usiwe na haraka. Ndani ya boti kuna kiyoyozi, chuma chote kimepoa, nje hewa ni ya moto na imejaa maji. Chuma baridi kikikutana na hewa hiyo kinatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Fika, salimia watu, fungua begi, kula wali wako kwanza. Nusu saa ikipita, papasa ubavu wa kesi kwa kiganja. Ukiwa mkavu na una joto la chumba, ndipo uchomeke.